Somo: Kabla hujauliza bei ya bunduki ya babu yenye mitutu miwili

Nimechoka kuletewa picha ya bunduki ya marisau iliyopigwa kwa mbali, halafu: "Bei gani?" Someni hapa kwanza.

1. Mwenye cheti cha kumiliki bunduki ndiye aifungue na kuhakikisha haina risasi. Amefariki? Anzeni kituo cha polisi, si kwangu.

2. Jina la juu ya mtutu lisikulevye. Liège, Ubelgiji, ilimwaga bunduki rahisi zenye majina ya kufananiza: "W. Richards" si Westley Richards, mtengenezaji bunduki wa Birmingham, Uingereza. Marekani nako, kiwanda cha Crescent cha Norwich, Connecticut, ilipiga chapa jina alilotaka mwenye duka.

3. Tenganisha mitutu na kitako, soma chapa zilizo tumboni, yaani upande wa chini wa mitutu. ELG na nyota ndani ya umbo la yai ni Liège. Ikiwa na taji juu, ni ya 1893 au baadaye.

4. Hapa ndipo watu huharibu. Mtutu wenye michirizi kama mkeka wa ukindu ni Damasko: chuma na feleji vilivyosokotwa vikafuliwa pamoja. USIGUSE MSASA! Hula chapa na michirizi, na thamani ni hiyo tu. Wala usiipige kwa risasi za leo. Nyingi ni za baruti nyeusi, chemba (tundu linalokaa risasi) milimita 65. Risasi ya 70 huingia vizuri, na hapo ndipo hatari: hiyo 70 hupimwa mdomo wa ganda la risasi ukishafunguka. Ukikosa nafasi ya kufunguka, msukumo hupanda, na mkono wako wa kushoto uko papo hapo.

MALINDI KWETU: Mkuu, yangu ina nyundo mbili. Laki ngapi?
— Hatua ya 3.
MALINDI KWETU: Chapa sizioni, niliing'arisha kwa msasa.
— Basi bei umeshaisugua.

BINTI WA SHELA: Kaka, bunduki ikiitwa "namba 12", hiyo 12 ni inchi?
— La, dada. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe tufe 12 sawa. Tufe moja ndiyo upana wa tundu. Ndiyo maana 16 ni nyembamba kuliko 12.
BINTI WA SHELA: Na kutu ya upepo wa bahari?
— Mafuta ya cherehani, si ya nazi. Usiihifadhi kwenye ala ya ngozi, hushika unyevu.

MZEE WA AMU: Marehemu baba alisema yake ilipigana Witu, 1890.
— Shikamoo mzee. Ni gobori la kujaza mdomoni, au hukunjwa katikati?
MZEE WA AMU: Hukunjwa. Ina ELG, na kitaji.
— Basi mzee, vita viliitangulia. Ila usiiuze.

MALINDI KWETU: Na kitako, nacho nipige msasa?
— Wacha!