Piga picha za simu zenye sura ya albamu ya zamani: mwongozo kwa wapigaji wa Dodoma

Wengi hukosea kabla hata ya kufungua kamera. Wanataka picha "ya zamani" bila kuamua ni zamani ipi. Picha ya studio ya miaka ya 1960 ni nyeusi na nyeupe, watu wamesimama wima, mikono imenyooka, hakuna anayecheka. Picha ya rangi ya miaka ya 1970 iliyokaa albamuni imeelekea wekundu, kwa sababu katika karatasi nyingi za wakati ule rangi ya samawati ndiyo iliyotangulia kufa gizani, zikabaki nyekundu na njano. Ya miaka ya 1990 ina flashi kali usoni, kivuli cheusi ukutani nyuma ya watu, na tarehe ya rangi ya chungwa kwenye kona. Ukivirundika vyote hivyo katika picha moja, kila anayeiona atajua ni filta. Chagua kipindi kimoja, toa picha moja kutoka albamu ya nyumbani, na uiweke mbele yako unapofanya kazi.

Kuandaa simu

Futa lenzi. Kiangazi cha Dodoma, kuanzia Mei hadi Novemba, ni vumbi tupu, na simu iliyoshinda mfukoni huwa na mchanganyiko wa vumbi na mafuta ya vidole. Puliza kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini cha pamba. Ukianza kwa kusugua, mchanga unakwaruza kioo.

Zima HDR, zima urembo wa ngozi, zima maboresho ya akili bandia. HDR huunganisha picha kadhaa za mwanga tofauti ili kivulini paonekane na anga lisiungue. Filamu haikuwa na huruma hiyo: kivuli kilikuwa kivuli. Kama simu yako haikuruhusu kuzima, pakua Open Camera kwenye Android. Ni ya bure, na simu nyingi zitakuachia upange mwenyewe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kasi ya shata na rangi ya mwanga.

Rangi ya mwanga ndiyo siri ambayo filta haziwezi kuiga vizuri. Filamu ya kawaida ilitengenezwa kwa mwanga wa mchana, kama 5500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), na haikujirekebisha ikiingizwa ndani. Ndiyo maana picha za sebuleni chini ya balbu ya zamani zilitoka na rangi ya chungwa, na za ofisini chini ya tyubulaiti zikawa na ukijani. Simu huufuta urithi huo yenyewe, kila unapobonyeza. Ifunge kwenye 5500K, au kwenye alama ya jua, halafu usiiguse tena.

Umbo nalo linasema. Simu nyingi hupiga 4:3, wakati fremu ya filamu ya milimita 35 ni mm 36 kwa 24, yaani 3:2. Piga 4:3 ukiacha nafasi juu na chini, utakata baadaye. Ukitaka sura ya studio, kata mraba. Umbo la 16:9 ni la runinga, liache. Na lenzi ya 0.5x iache kabisa, maana mkao wa familia ukipigwa kwa lenzi pana hivyo, walio pembeni hutoka na vichwa vilivyovutika. Kwa uso wa mtu rudi nyuma hatua mbili na utumie 2x. Lenzi kuu ikisogezwa karibu huvimbisha pua, na mwenye pua hatakusamehe.

Mwanga na mitaa

Jua la Dodoma hutoka kati ya saa 12:10 na 12:50 asubuhi na kuzama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1 usiku, kutegemea majira. Muda wako ni hadi saa 2 asubuhi, kisha kuanzia saa 10:45 jioni. Mchana jua likiwa utosini macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Ukilazimika, waingize barazani, sakafu ya nje irudishe mwanga usoni.

Gusa uso kwenye kioo ili simu ipime hapo, kisha punguza mwanga kidogo kwenye kipimo cha mwanga (EV), hadi kati ya -0.3 na -0.7. Negativu ilivumilia mwanga mwingi. Simu ikishaunguza weupe, hakuna programu ya kuurudisha. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe huidanganya simu zaidi: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na nyuso nyeusi zinazama. Hapo usipunguze, ongeza.

Kuna zawadi moja ya mji huu ambayo wa Pwani hawana. Jioni, kwenye barabara isiyo na lami, bodaboda ikishapita subiri kama sekunde tano, kisha piga ukielekea jua. Vumbi lililobaki hewani hulainisha nyumba za nyuma na kuzifanya zionekane zimefifia, kazi ambayo watu huipoteza saa nzima kuifanya kwenye programu. Ukijaribu ule ujanja wa kuhemea lenzi ili ipate ukungu, ujue hewa ya kiangazi hapa ni kavu na ukungu hutoweka haraka sana. Kuwa tayari kabla hujapumua.

Kwa picha za mji, tafuta kwanza ukuta, kisha subiri watu. Mitaa ya Madukani, pembezoni mwa soko la Majengo na upande wa stesheni ya reli ya zamani, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, kuna mistari mizuri ya baraza na mabati. Shusha simu hadi usawa wa kifua, maana kamera nyingi za fremu ya mraba zilitazamwa kwa juu zikiwa kifuani, ndiyo sababu watu katika picha zile wanaonekana warefu na wenye heshima. Toa kwenye fremu mabango ya mitandao ya simu, madishi ya televisheni na nyaya za treni ya umeme. Bajaji moja tu inatosha kuiharibu picha ya "1975". Baiskeli ya Phoenix iliyoegemezwa ukutani, kinyume chake, haina umri. Nje ya mji, nyumba za tembe zipigwe jua likiwa ubavuni, ili kila ufa wa udongo upate kivuli chake.

Fundi cherehani barazani ni picha nzuri, lakini si mali yako. Salimia, omba, kisha umpelekee nakala. Majengo ya serikali, polisi na jeshi usiyaelekezee simu, na ndani ya stesheni uliza ofisini kwanza. Huu ni mji mkuu, walinzi hawana mzaha.

Picha za familia

Anza kwa kuondoa vitu. Chaja, rimoti, chupa za plastiki na ruta vitoke. Runinga bapa ifunike kwa kitambaa cha kufuma. Hata zile za zamani zenye mgongo zilifunikwa hivyohivyo, kwa hiyo hudanganyi. Vitambaa vya sofa, kabati la vyombo, redio ya kaseti na kalenda ya ukutani vibaki.

Wazee wakae kwenye viti katikati, viganja magotini. Watoto mkekani mbele, vijana wasimame nyuma, mmoja mkono juu ya kiti. Weka simu juu ya kitu imara, mita 1.2 kutoka sakafuni, umbali wa kama mita 3, na kipima muda cha sekunde 10. Usiseme "chekeni". Sema, "Bibi, tazama hapa kwenye kitobo," kisha nyamaza. Ule ukimya ndio unaotoa sura ya studio. Piga sita au saba, kwa sababu kwenye watu kumi lazima mmoja afumbe macho.

Usitumie kamera ya mbele. Baadhi ya simu hugeuza picha ya selfi kama kioo, na jina la kanga litasomeka kinyumenyume. Mama akiligundua, utarudia kazi yote.

Balbu iwe ya mwanga wa joto, 2700K hadi 3000K. Balbu nyeupe za 6500K zitakupa ubuluu usio wa zama zozote za zamani. Ukiona michirizi ya giza kwenye picha, kasi yako ya shata haipatani na umeme wetu wa mara 50 kwa sekunde: weka 1/50 au 1/100 ya sekunde na michirizi itaondoka.

Kwa sura ya miaka ya 1990, washa flashi kwa lazima, siyo "otomatiki", na waweke watu nusu mita kutoka ukutani ili kivuli chao kionekane. Kumbuka flashi ya simu ni dhaifu, zaidi ya mita 2 haifiki, hivyo itumie kwa watu wawili au watatu. Inawaka pia kwa muda mrefu kuliko flashi ya kamera ya zamani, kwa hiyo mtoto akitikisika anatoka kama moshi.

Kuhariri na kusafisha

Kwenye Snapseed, programu ya kuhariri picha, kata 3:2 kwanza. Punguza ukolezo wa rangi 15 hadi 20, kontrasti 10, ongeza joto 10. Fungua zana iliyoandikwa Curves, inua nukta ya chini kushoto kama sehemu ya kumi ya kimo ili weusi uwe kijivu, kisha shusha kidogo ile ya juu kulia. Kwa wekundu wa miaka ya 1970, inua nukta ya chini ya mstari mwekundu peke yake. Punje, yaani chembechembe za filamu, weka 15 hadi 25, mwisho kabisa. Usijaribu kuzipata kwa kupandisha ISO, maana simu itakupa chengachenga za zambarau na kijani, na filamu haikuwa na hizo. Kunoa picha kuache, simu imeshanoa kupita kiasi.

Tarehe ya kona iandike mwaka, mwezi, siku, kwa rangi ya chungwa, ndogo, chini kulia. Iwe ya siku uliyopiga kweli. Ukiandika '94 utawapotosha wajukuu watakaotafuta nani alizaliwa lini.

Ukituma kwa WhatsApp tuma kama faili. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, na punje zinageuka uji. Ukienda kusafisha, omba inchi 4 kwa 6, ambayo ni 3:2 kamili, yenye angalau pikseli 1200 kwa 1800, kwenye karatasi ya picha isiyong'aa. Nyuma andika majina kwa penseli laini bila kukandamiza, kwa sababu wino wa peni hugandia picha itakayolaliwa juu yake.