SOMO: Paka kagoma kula. Hataki, au anataka ila hawezi?

Somo hili nimelidaiwa siku nyingi, na aliyenisukuma kuliandika ni paka wangu Kijivu. Alisusa chakula siku ya Ijumaa. Nikasema maringo hayo, paka ndivyo walivyo. Jumamosi nikambadilishia chakula. Jumapili nikabadilisha tena. Jumatatu asubuhi nilipombeba karibu na dirisha nikaona ngozi ya ndani ya masikio imekuwa manjano kama mtu kaipaka binzari. Alipona, lakini kwa wiki tatu za kulishwa kwa mrija, na kosa lilikuwa langu. Siku tatu zile nilihangaika na bakuli, paka mwenyewe sikumtazama.

Kwa hiyo leo tunamtazama paka.

Hatua ya 1: Hesabu saa

Ni lini mara ya mwisho ulimwona kwa macho yako akila? Bakuli tupu si ushahidi, hasa kama una paka wawili au mbwa ndani. Paka mzima akitimiza saa 24 bila kuweka kitu tumboni, daktari wa mifugo apigiwe simu. Mtoto wa paka hangojewi hivyo. Saa 12 kwake ni nyingi mno, na akiwa wa wiki chache tu, hata hizo hana.

Haraka hii ina sababu yake. Paka akikosa chakula, mwili huanza kumumunya mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini. Ini la paka haliyawezi kwa wingi huo. Linajaa mafuta, linachoka, paka anapata kichefuchefu, na kichefuchefu kinazidi kumfungia chakula. Ajabu ni kwamba aliye hatarini zaidi ni yule mnene, ambaye sote tunamtazama na kusema "huyu ana akiba". Kijivu alikuwa na akiba kweli kweli. Na si lazima aache kula kabisa: kula vijiko viwili vitatu kwa siku kadhaa kunaweza kumfikisha palepale.

Hatua ya 2: Mambo yasiyongoja somo liishe

Ukiona mojawapo ya haya, acha kusoma umpeleke.

Dume anayeingia kwenye sanduku la mchanga (choo chake) mara kwa mara, anachuchumaa, anajikamua, na hakitoki kitu au linatoka tone. Watu wengi hudhani amefunga choo. Mara nyingi ni njia ya mkojo iliyoziba, na hiyo huua ndani ya siku chache, pengine moja au mbili tu.

Anayehema mdomo wazi, au anayevuta pumzi zaidi ya 40 kwa dakika akiwa amelala. Fizi zilizogeuka nyeupe, bluu, kahawia au manjano.

Aliyepata sumu. Hapa nataja tatu ambazo watu huingiza nyumbani wenyewe bila kujua: ua la yungiyungi, yaani "lily" (hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya yake inaweza kuua figo), paracetamol (kidonge kimoja tu kinaweza kumuua, kwa sababu ini la paka halina njia nzuri ya kuivunja), na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini.

Mwisho, uzi. Ukiuona unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Upande wa pili unaweza kuwa umejifunga chini ya ulimi au umeshapita kwenye utumbo, na ukivuta unaukata utumbo kama msumeno.

Hatua ya 3: Jaribio la bakuli

Hili ndilo somo lenyewe, mengine ni nyongeza.

Chukua kijiko kimoja cha chakula laini chenye harufu kali, kile anachokipenda. Kipashe hadi kiwe vuguvugu, nyuzi 38 hivi, yaani joto la mwili wake. Kiweke mahali anapokula siku zote. Kisha kaa mbali kidogo, nyamaza, usimwite, usimbembeleze. Tazama dakika tano. Ukiweza kurekodi kwa simu, rekodi. Daktari atakushukuru kuliko kwa maelezo yoyote.

*Anakuja mbio, halafu anashindwa.* Huyu ana njaa, mdomo ndio unaomkatalia. Paka wa dada yangu alikuwa hivi: anakimbilia bakuli, anainamisha kichwa upande, anabeba chembe moja ya chakula kikavu kwa meno ya kulia, tunasikia "kwa", chembe inadondoka, na yeye anaruka nyuma akilitazama bakuli kana kwamba limemng'ata. Kisha anarudi tena, mara nne, mara tano. Lilikuwa jino la nyuma lililoanza kuliwa kwenye mzizi, tundu dogo jekundu pembeni ya fizi ambalo usingeliona bila kunyanyua mdomo. Dalili nyingine za namna hii ni mate yanayotiririka, mdomo unaonuka, kutafuna upande mmoja, kujipangusa uso kwa mkono. Nyanyua mdomo wa juu kwa kidole gumba, tazama mstari ambapo jino linakutana na fizi. Kisha tazama chini ya ulimi kama kuna uzi. Akikataa kuguswa, muache. Hilo nalo ni jibu.

*Anakuja, ananusa, analamba midomo, anameza mate, anageuka.* Hiki ni kichefuchefu. Wengine hukwaruza sakafu kuzunguka bakuli kama wanaofukia kinyesi, nasi tunacheka kwamba anakidharau chakula. Wapo wanaofanya hivyo wakiwa wazima, lakini akiwa hajala tangu jana usicheke. Harufu inamchafua roho. Nyuma yake kunaweza kuwa na figo (hasa kwa paka mzee), ini, kongosho, tumbo lililofunga choo, kitu alichomeza, au dawa anayotumia.

*Anakuja, ananusa, ananusa tena, anasimama tu.* Tazama pua. Paka huamua kula kwa pua kabla ya ulimi, na mwenye mafua yenye makamasi ni kama mtu aliyewekewa sahani ya karatasi. Mpanguse pua kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, mkae bafuni palipojaa mvuke dakika 10 hadi 15. Usitie mafuta ya mkaratusi wala dawa ya kuchua kifua. Kwa paka ni sumu. Na chungulia mdomo hata hapa, kwani mafua ya paka huacha vidonda kwenye ulimi.

*Hanyanyuki kabisa.* Homa, maumivu, au ugonjwa uliokwisha kwenda mbali. Paka huficha maumivu kwa ustadi. Akishindwa kuyaficha ujue yamemzidi.

*Anakula ukitoka chumbani.* Afadhali. Huyu anaogopa kitu, tutamrudia.

Hatua ya 4: Mpapase

Bonyeza fizi kwa kidole hadi iwe nyeupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Vuta ngozi kati ya mabega, achia: ikibaki imesimama kama hema, amekaukiwa maji (kwa paka mzee kipimo hiki hudanganya, ngozi yake imeshalegea). Panda mizani ukiwa naye, kisha peke yako, utoe. Paka wa kilo 4 aliyepungua gramu 400 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Ni sawa na mtu wa kilo 70 kupoteza 7.

Halafu sanduku la mchanga. Mabonge ya mkojo mangapi tangu jana? Kinyesi kipo? Kigumu kama kokoto, au maji? Kazi ya kinyaa, lakini nusu ya majibu imefukiwa humo.

Hatua ya 5: Nini kimebadilika?

Kama jaribio la bakuli halikuonyesha ugonjwa, rudi kwenye nyumba. Mgeni? Mtoto mchanga? Paka mwingine anayelinda njia ya kwenda kwenye bakuli bila hata kupigana, kwa kukaa tu mlangoni? Bakuli limehamishiwa karibu na choo chake? Sabuni mpya yenye harufu? Mfuko wa chakula kikavu uliokaa wazi muda mrefu mafuta yake huchacha. Wewe hunusi kitu, yeye ananusa.

Hatua ya 6: Unapomngoja daktari

Chakula vuguvugu, kidogo, kwenye sahani bapa, mahali tulivu. Kuku aliyechemshwa bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, anafaa kumvuta. Kisipoguswa ndani ya nusu saa, ondoa, jaribu baadaye. Usimzungushie sahani kumi kama mgeni wa hoteli, kwa mwenye kichefuchefu hiyo ni adhabu. Maziwa ya ng'ombe acha, paka wakubwa wengi yanawaharisha. Na usifiche dawa kwenye chakula anachokipenda, maana utampotezea na hicho.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Nyau: Asante mwalimu. Wangu hali tangu jana asubuhi lakini maji anakunywa vizuri sana, tena kuliko zamani. Si ina maana yuko sawa?

Jibu: Hapana, mama. Maji yanamzuia kukauka, ini hayaliokoi. Na hilo la "kuliko zamani" ndilo lililonishtua. Kama ni mzee, kunywa sana na kukojoa sana pamoja na kupoteza hamu ya chakula huelekeza kwenye figo, na kisukari nacho kiangaliwe. Mwambie daktari hivyohivyo ulivyoandika hapa, atampima damu na mkojo.

Mkia Mrefu: Daktari mmoja aliwahi kuniambia nimlishe kwa bomba la sindano. Sasa huyu wa pili naye kagoma, nimeanza kumsukumia uji wa kuku mdomoni. Anatoa povu na kunikimbia.

Jibu: Simama hapo ndugu yangu. Yule wa kwanza alikuwa amechunguzwa, huyu hujui anaumwa nini. Kwa nguvu, chakula kinaweza kuingia mapafuni. Na hata kikishuka salama, paka mwenye kichefuchefu anafunga hesabu moja kichwani: chakula hiki ndicho kinachonitesa. Baadaye akipona hatakigusa. Zipo dawa za kuzuia kichefuchefu na za kuamsha hamu, na upo mrija wa kulishia ambao unatisha kwa macho lakini paka huuzoea haraka. Yote hayo yaamuliwe na daktari.

Dada Zubeda: Nilimbadilishia chakula kikavu wiki iliyopita, amenuna. Mume wangu anasema akishikwa na njaa atakula tu.

Jibu: Shemeji anamzungumzia mbwa. Paka anaweza kununa hadi ini likaharibika. Mrudishie chakula cha zamani leo hii, akila vizuri uanze upya: robo ya kipya kwa robo tatu za zamani, ukiongeza polepole kwa siku 7 hadi 10. Akikataa na cha zamani pia, chakula hakikuwa sababu. Rudi hatua ya 3.

Bin Shomari: Mimi napinga kidogo. Paka wangu alikaa siku tatu bila kula, sikumpeleka popote, na yupo hapa ananitazama.

Jibu: Nakuamini. Una uhakika hakula popote? Paka anayetoka nje anaweza kuwa na majina matatu katika nyumba tatu. Mfunge kola ya karatasi uandike "Je, huwa nakula hapa?" uone kitakachorudi. Na kama kweli hakula, basi alinusurika. Wangu pia alinusurika, ila nilimwona akiwa manjano.

Mlezi wa Watatu: Mtoto wa paka miezi miwili, katapika povu la njano mara mbili usiku, chakula hataki, chanjo bado.

Jibu: Mpeleke sasa, usingoje jioni. Kuna ugonjwa wa virusi unaovunja utumbo na chembe nyeupe za damu kwa watoto wasiochanjwa, na huenda kasi. Mfunike apate joto, na wenzake wawili watenge: bakuli, mchanga na mikono yako visichangiwe.

Kapteni: Samahani kwa kuchelewa, nimesoma hatua ya 2 nikaacha chai. Dume langu limeingia kwenye mchanga mara sita tangu alfajiri. Mimi nilimpa mafuta kidogo ya kulainisha choo.

Jibu: Kapteni, ondoka sasa. Usimbonyeze tumbo njiani. Ukiwa unakwenda piga simu useme neno "hakojoi", ili wawe tayari.

Kapteni: Tumerudi. Kibofu kilikuwa kigumu kama chungwa, daktari alinishikisha kwa mkono. Wamemwekea mrija, amelala huko. Akirudi niangalie nini hasa?

Jibu: Mabonge ya mkojo. Kabla hajarudi mwaga mchanga wote uweke mpya, ili utakachohesabu kiwe chake cha siku hiyo. Andika idadi na ukubwa asubuhi na jioni kwa wiki mbili, maana kuziba tena si ajabu, hasa siku za mwanzo. Mpe chakula laini kilichoongezwa maji. Akila lakini mchanga ukabaki mkavu tangu asubuhi hadi jioni, usifurahie kula kwake, mrudishe usiku huohuo.