Umeombwa uingie kwenye utafiti wa dawa ya usingizi? Fanya hivi kabla hujasaini

Mjomba wangu alifanyiwa oparesheni ya busha mwaka juzi, na kwa watu wa Tanga sina haja ya kueleza busha ni nini, huku pwani tunalijua toka enzi za mababu. Asubuhi ya siku yenyewe keshavalishwa gauni, yuko kwenye machela anasubiri kusukumwa thieta, akaja kijana mmoja na fomu ya kurasa nne, mzee tunafanya utafiti wa ganzi weka sahihi hapa. Miwani kaiacha nyumbani. Akaweka dole gumba. Baadae namuuliza, mjomba umesaini nini? "Si ile ya oparesheni." Jina la hospitali silitaji, ila toka siku ile nimekuwa king'ang'anizi wa hizi fomu na mtu yeyote ukooni akipangiwa kupasuliwa naitwa mimi.

Jua kwanza kwamba karatasi ni mbili. Kuna ya kukubali kupasuliwa na kuna ya kukubali kuingia kwenye utafiti. Ile ya kwanza usiposaini hawakugusi, ila hii ya pili ukiikataa unapasuliwa vile vile na unahudumiwa vile vile, na hakuna wa kukununia. Akikuletea karatasi muulize hii ya oparesheni au ya utafiti, akianza kuzunguka mwambie asome kichwa cha karatasi kwa sauti. Halafu iombe mapema, siku ile ya kliniki unapopewa tarehe, uende nayo nyumbani mkaisome wawili watatu, maana juu ya machela mtu unakubali chochote. Asiyejua kusoma anasomewa yote mbele ya shahidi wake asiyekuwa mtu wa utafiti, ndio anaweka dole gumba, na nakala moja anaondoka nayo.

Ndani ya fomu mimi huwa natafuta kibali kwanza. Utafiti wa afya kwa watu hapa nchini lazima uwe na kibali cha maadili, na kile cha taifa kinatolewa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, tena wana kituo hapa hapa Tanga. Kama ni majaribio ya dawa, TMDA, wale wa mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao wamo. Lazima kuwe na namba ya simu ya mtafiti na namba ya kamati ya maadili, na mimi naipiga pale pale nikiwa nimekaa kwenye benchi. Kama haipokelewi saa nne asubuhi siku ya kazi, je usiku wa manane mgonjwa akizidiwa?

Sasa hili la watu kuogopa "watanifanya panya wa majaribio". Tafiti nyingi za usingizi zinalinganisha vitu viwili ambavyo vyote vinatumika siku zote, mfano sindano ya mgongo kwa dozi hii na dozi ile, au dawa ipi inazuia zaidi kutapika mtu akizinduka kwenye nusu kaputi. Nani apate ipi inaamuliwa kwa bahati nasibu, mara nyingi jibu liko kwenye bahasha iliyofungwa, daktari hachagui, kwa sababu akichagua yeye anaweza bila kujua akawapa wazee hii na vijana ile na mwisho hujui kilichosaidia ni dawa au ni ujana. Wewe uliza, hizo mbili ni zipi, na nisipoingia ningepewa ipi? Hilo la pili ndio swali lenyewe, ukijibiwa vizuri umeshajua unabadilishiwa nini.

Na tafiti nyingine wala hazihusu dawa. Ifakara ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani zilizojaribu ile orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji, ya kuulizwa jina lako na unapasuliwa wapi kabla hujalazwa usingizi. Matokeo yalitoka 2009, ukizijumlisha zote nane vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa hiyo ukiulizwa jina mara tatu usinune.

Uwe ndani ya utafiti au nje, daktari wa usingizi usimfiche. Kawaida chakula unaacha masaa sita kabla ya oparesheni, maji matupu masaa mawili kabla, ila fuata walivyokuambia wao. Kama ulikunywa chai na kitumbua alfajiri sema, kwani mtu akilala chakula kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Sema sigara, mirungi, pombe, dawa za miti shamba, meno ya bandia. Na akina dada, piko na rangi ya kucha toeni hata kidole kimoja, kile kibanio cha kupima oksijeni kinasoma kwa mwanga unaopita kidoleni.

Kituko kilikuwa baada ya oparesheni. Sista anamuuliza mjomba, mzee maumivu ni ngapi kutoka 0 mpaka 10? "Alhamdulillah, hatujambo." Namba mzee? "Tunashukuru." Mwisho akasema mbili, huku kashikilia chuma cha kitanda mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Nikamnong'oneza, mjomba, hapa hakuna anayekusalimia, ukisema mbili wanaandika mbili na dawa unapewa ya mbili. Akakohoa kidogo. "Basi saba." Akaongezewa dawa ndani ya muda mfupi, na kwenye utafiti ikaandikwa saba ya kweli.

Kujitoa unaweza siku yoyote, unawaambia tu, sababu si lazima. Damu wakichukua uliza inaenda wapi na inatunzwa muda gani, na jina lako kwenye makaratasi yao liwe namba. Nauli ya kurudi kupimwa uliza kabla, sio siku ya kurudi, na uliza pia ukidhurika na hiyo dawa matibabu analipa nani. Acha namba mbili za simu maana wanafuatilia mpaka siku ya 30 au zaidi. Mjomba walimpata yuko Sahare anagombea bei ya samaki changu na mvuvi, akaulizwa maumivu ngapi, akajibu sifuri na kukata simu, changu zilikuwa zinaondoka.