Jinsi ya kuiona Iris angani kwa darubini ya mkononi

Asteroidi ni miamba inayolizunguka Jua, midogo kuliko sayari. Nyingi za mwanzo kugunduliwa zilipewa majina ya miungu wa kike na nimfu wa Wagiriki na Warumi wa kale: Hebe aliyewamiminia miungu vinywaji, Amphitrite na Thetis wa baharini, Echo wa milimani. Mgeni aanze na Iris, mungu wa upinde wa mvua. John Russell Hind aliigundua London, Agosti 1847, nayo ni miongoni mwa zinazong'aa zaidi.

1. Chagua msimu. Iris hulizunguka Jua kwa takriban miaka 3 na miezi 8. Huonekana vizuri Dunia inapokuwa kati yake na Jua. Katika kipimo cha mwangaza, namba ndogo ndiyo yenye nuru kali: macho matupu huishia karibu 6, darubini ya 10x50 (inayokuza mara 10, yenye lenzi za mbele za milimita 50) karibu 9. Msimu ukiwa mzuri sana Iris hukaribia 7. Ukikuta imefifia hadi 10, subiri msimu mwingine.

2. Andaa ramani. Programu ya Stellarium ni ya bure. Tafuta "7 Iris" (hapa 7 ni namba yake katika orodha ya asteroidi, si mwangaza). Sasisha kwanza data ya obiti, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, maana ya zamani itakuelekeza pasipo na kitu. Chapisha eneo hilo likiwa na nyota zote hadi 9.

3. Zima taa. Toka usiku usio na mbalamwezi, yape macho dakika 20 yazoee giza, na usome ramani kwa tochi uliyoifunika karatasi nyekundu. Egemeza viwiko ukutani. Mikono ikitetemeka nyota hafifu hupotea.

4. Chora. Hapa usiharakishe. Iris ina upana wa kilomita 200 hivi, lakini utaona nukta tu, sawa na nyota jirani. Tafuta pembetatu ya nyota zinazoizunguka, kisha weka kila nukta mahali pake kwa penseli, hata zile usizozijali. Rudi kesho yake, na kesho kutwa. Nukta moja itakuwa imesogea magharibi, kama nusu ya upana wa Mwezi kwa siku. Ndiyo Iris! Karl Hencke, mfanyakazi wa posta wa Ujerumani, alizipata Astraea mwaka 1845 na Hebe mwaka 1847 kwa kulinganisha hivyohivyo anga na ramani alizozichora mwenyewe. Mimi naiheshimu sana subira ile.

5. Endelea. Andika tarehe na saa kwenye kila mchoro, kisha mtafute Hebe. Amphitrite anahitaji giza la mbali na mji. Thetis na Echo, darubini kubwa yenye miguu.