Jinsi ya kuhesabu mikato ya DNA baada ya kupiga seli kwa ioni nzito

Kabla ya kushika pipeti, piga hesabu. Eksirei hunyesha kama manyunyu: kila kiini cha seli hupata karibu sawa na mwenzake, na Gy 1 (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) huleta mikato kama 35 inayokata nyuzi zote mbili za DNA. Ioni nzito, kama ya chuma (atomi iliyopoteza elektroni), hupita kama risasi. Ikiacha nishati ya keV 150 (elektronivolti 150,000) kwa kila mikromita, Gy 1 ni ioni milioni 4.2 kwa sentimita mraba, na kiini chenye eneo la mikromita mraba 120 hupitiwa na 5 hivi. Shusha dozi hadi Gy 0.2: wastani ni ioni 1, na asilimia 37 ya viini havikuguswa kabisa. Usivichanganye na vilivyopigwa.

Tumia fibroblasti (seli za tishu unganishi) zilizojaza chombo hadi zikaacha kugawanyika, kwani seli inayonakili DNA huwa na madoa (alama zinazong'aa penye mikato, ndizo utakazohesabu) hata bila mionzi. Laza kioo chenye seli karibu sambamba na mwale wa ioni. Mwale ukitoka juu, mikato ya njia moja hufuatana kwenda chini na hadubini huiona doa moja. Ukilaza, doa hilo hunyooka likawa kama shanga kwenye uzi. Ila kiini ni bapa, kwa hiyo hesabu ya ioni ya hapo mwanzo haifai tena: tumia eneo la ubavu.

Gandisha seli zibaki zilivyo (si kwa baridi) kwa paraformaldehaidi asilimia 4, dakika 15, kundi moja dakika 30 baada ya kupigwa na jingine saa 24 baada ya kupigwa. Kisha Triton X-100 (sabuni inayotoboa utando wa seli) asilimia 0.2 kwa dakika 10, BSA (protini inayozuia kingamwili kunata ovyo) asilimia 3 kwa saa moja, kingamwili ya γH2AX (protini inayotiwa alama penye mkato), ile ya pili yenye rangi, na DAPI (rangi ya DNA inayoonyesha kiini). Suuza mara tatu kila hatua. Kioo kikikauka katikati, rangi hutapakaa na hutajua doa ni lipi.

Saa 24 ndiyo yenye habari. Madoa ya eksirei mengi yamefutika; ya ioni hubaki, makubwa, maana ndani ya jozi 10 hadi 20 za besi kuna mkato, besi zilizoharibika na uzi uliochanika, na kimeng'enya kikikata besi mbovu mkabala na mchaniko huzaa mkato mpya. Toa kwanza madoa ya seli zilizosafirishwa vilevile bila kupigwa.