Kufunga kamera ya mtego kwa uwindaji wa kulungu Marekani

Anza na sheria ya jimbo: Arizona imepiga marufuku kamera hizi, zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita, kwa uwindaji tangu Januari 2022.

Panaporuhusiwa, ifunge mtini kwa kimo cha kiuno, mita 3 hadi 5 kutoka njiani. Ielekeze kaskazini ili jua lisiunguze picha. Igeuze mshazari itazame njia kwa urefu wake. Ukiikingamisha, utaambulia mikia tu. Fyeka nyasi za mbele: zikipepea juani, kihisi joto hudhani ni mnyama, kadi ikajaa picha za majani. Kwenye baridi kali, betri za lithiamu.

Ikague mchana, kila wiki 2 au 3, kwani harufu yako humhamisha kulungu. Kamera inayotuma picha kwenye simu ndiyo yenye utata. Kumkimbilia mnyama saa ileile ni kuokota, si kuwinda. Subiri angalau siku moja.