Kihariri cha Maandishi cha Kuweka kwenye Linux ya Kompyuta Kuukuu

Kompyuta nyingi za maabara yetu hapa Tanga zina RAM ya gigabaiti 2. Nimeziwekea Debian, aina mojawapo ya Linux, yenye mazingira mepesi ya Xfce, na wanafunzi wanajifunzia humo Python, lugha ya kuandikia programu. Walimu wenzangu wa shule nyingine huniuliza: kodi tuiandikie wapi? Mimi huwauliza kwanza mashine yao ina RAM kiasi gani. Visual Studio Code ni programu nzuri, lakini kwa RAM hiyo, ukiifungua pamoja na kivinjari, mtoto atakaa akitazama kishale kinazunguka mpaka kipindi kiishe.

Kabla ya yote, LibreOffice Writer iache kwa barua na mitihani. Faili lake hubeba mitindo ya herufi na mengine mengi, na Writer hupenda kupindisha alama za kunukuu. Python haizitambui alama zilizopinda. Hata kodi iliyonakiliwa kutoka kwenye PDF huja nazo mara nyingi, kwa hiyo programu ikikataa kukimbia, zikague kwanza.

Kwa masomo, kihariri ninachokichagua ni Geany. Ni nyepesi, ina menyu za kawaida, na F5 huendesha programu papo hapo. Ninayoipendea zaidi ni rangi zake. Mwanafunzi wangu anapoandika

print('ng'ombe')

Python huona maandishi yameishia kwenye ng, kwa sababu ile alama ya ng' ndiyo hiyohiyo inayofunga maandishi. Kwenye Geany rangi hubadilika palepale baada ya ng, hata kabla hajaendesha kitu. Anajifunza kuandika "ng'ombe" kwa alama mbilimbili, na hasahau tena. Kwetu sisi tunaoandika ng'ambo, ng'aa na ng'oa kila siku, hilo ni jambo kubwa.

Kusakinisha, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike (sudo huipa amri ruhusa ya msimamizi, na apt ndiyo husakinisha programu):

sudo apt update
sudo apt install geany

Nywila haitaonekana unapoiandika. Andika tu, ubonyeze Enter. Kama wakati wa kuweka Debian uliweka nywila ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, huenda sudo ikakukatalia. Hapo ingia kwa amri ya su - kisha rudia amri zilezile bila neno sudo. Apt itakutajia ukubwa wa vitu vitakavyopakuliwa, na itasubiri jibu lako. Usome mstari huo, hasa kama intaneti yako ni bando la simu.

Na tafadhali, usipakue kitu kilekile mara ishirini kwa kompyuta ishirini. Kwenye kompyuta moja ambayo bado haina Geany, andika:

sudo apt-get clean
sudo apt-get install --download-only geany

Faili zenye mkia wa .deb zitakuwa ndani ya /var/cache/apt/archives. Zinakili kwenye folda ya flashi, nenda kwenye kompyuta nyingine, fungua terminali ndani ya folda hiyo, kisha:

sudo apt install ./*.deb

Sharti ni kwamba mashine zote ziwe na toleo moja la Debian na aina moja ya prosesa. Amri ya dpkg --print-architecture itakuambia kama ni amd64 au i386. Usichanganye.

Siku skrini ya picha ikigoma kuwaka, utabaki na terminali tupu, na hapo nano, kihariri cha ndani ya terminali, ndiyo mwokozi. Kwa kawaida Debian na Ubuntu huja nayo. Ikikosekana, sudo apt install nano, na haifiki hata megabaiti moja kupakua. Vitufe vyake vimeandikwa chini ya skrini: alama ya ^ ni Ctrl, na M ni Alt. Ctrl+O kisha Enter huhifadhi, Ctrl+W hutafuta neno, Ctrl+X hutoka. Ukienda kugusa faili la mfumo, kama fstab inayoorodhesha diski za mashine, tengeneza nakala kwanza:

sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.bak
sudo nano -l /etc/fstab

Hiyo -l huleta namba za mistari, msaada mkubwa pale ujumbe wa kosa unapokutajia mstari wa 12.

Kihariri kingine cha terminali ni Vim. Siwalazimishi wanaoanza, ila kila fundi ajue kuitoka, maana seva nyingi zitakufungulia vi, mtangulizi wake mwenye amri zilezile, bila kukuuliza: bonyeza Esc, andika :q! kisha Enter, utatoka bila kuhifadhi. Kwa :wq utahifadhi na kutoka. Anayetaka kuijua vizuri asakinishe vim kamili, aandike vimtutor, apate somo la takribani nusu saa la kufanya kwa vidole. Na ajue pia kwamba mtunzi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, aliyeitoa mwaka 1991 na kufariki mwaka 2023, alijitolea kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda. Aliitoa Vim bure, akawaomba watumiaji wake wachangie watoto wa huko. Ukiwa ndani yake andika :help uganda usome maneno yake mwenyewe. Wanafunzi wangu huwa wanashangaa kwamba programu inayotumika dunia nzima inawataja majirani zetu.

Mwisho, uchague kihariri ambacho mfumo utakifungua wenyewe kwenye terminali:

sudo update-alternatives --config editor

Itakuja orodha yenye namba. Andika namba ya nano, Enter. Kama akaunti yako ilishawekewa kingine, endesha pia select-editor bila sudo. Kisha jaribu crontab -e, amri inayofungua ratiba ya kazi za kompyuta ndani ya kihariri, uone kama imekubali.